Rudolf Diesel: muhandisi aliyeweka mafuta ya karanga ndani ya mjadala wa Ulaya

Malori yanayopandisha bidhaa kutoka Kasindi kwenda Beni na Butembo, pamoja na jenereta zinazowasha taa wakati umeme unakatika, yote inatumika kwa mazutu. Moteri hizo zinabeba jina la mutu: Rudolf Diesel, muhandisi Mujerumani aliyekufa mwaka wa 1913. Watu wengi hawajui kwamba moteri yake ilitembea kwa mafuta ya karanga zaidi ya miaka 100 iliyopita. Na leo, mafuta ya mimea ndani ya moteri ni jambo linaloleta mabishano makubwa katika Umoja wa Ulaya.

Diesel alizaliwa tarehe 18 mwezi wa tatu 1858 katika muji wa Paris, inchini Ufaransa. Wazazi wake walikuwa Wajerumani, na baba yake alikuwa fundi wa vitu vya ngozi. Mwaka wa 1870, vita ilipotokea kati ya Ufaransa na Ujerumani, familia yao ililazimishwa kuhama, ikakimbilia London. Maisha yalikuwa magumu. Rudolf, akiwa na miaka 12, alitumwa Augsburg, inchini Ujerumani, akae kwa ndugu wa familia na kuendelea na masomo.

Alisomea uhandisi katika muji wa Munich. Mwalimu wake mumoja alikuwa Carl von Linde, bingwa wa mashine za kutengeneza baridi. Ugonjwa wa tifoide ulimuchelewesha kufanya mutihani, lakini mwaka wa 1880 alimaliza na pointi nzuri sana. Kisha akaenda Paris kutumika kwa Linde, akamuoa Martha Flasche, na wakazaa watoto watatu.

Katika masomo, jambo moja lilikuwa limemusumbua. Mashine za mvuke za wakati ule zilipoteza karibu joto lote la makaa. Sehemu iliyogeuka kazi ilikuwa kama asilimia 10 au chini yake. Diesel alitaka kugandamiza hewa ndani ya silinda mpaka iwe moto sana, ili mafuta yakiingia yawake yenyewe. Alitumaini pia kwamba moteri kama hiyo ingewasaidia mafundi wadogo kushindana na viwanda vikubwa.

Alipata hati ya uvumbuzi mwaka wa 1893. Majaribio yalianza Augsburg mwaka huo huo, na katika jaribio la kwanza kifaa kimoja kilipasuka karibu yake. Aliendelea. Mwezi wa pili 1897, mbele ya wataalamu, moteri yake iligeuza zaidi ya asilimia 26 ya joto la mafuta kuwa kazi. Hakuna mashine ya mvuke iliyofikia hapo. Diesel akawa tajiri na mutu wa sifa.

Mwaka wa 1900, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, moteri moja ya namna yake ilitembea kwa mafuta ya karanga, bila kubadilishwa kitu. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyopenda jaribio hilo. Karanga zilikuwa nyingi katika makoloni yake ya Afrika, na ilitaka makoloni hayo yapate nguvu ya mashine bila kuagiza makaa au petroli kutoka mbali. Wakulima wenyewe hawakuulizwa. Mwaka wa 1912 Diesel alikuwa bado anaamini kwamba siku moja mafuta ya mimea yangeweza kuwa na maana sawa na petroli.

Hakuiona siku hiyo. Kesi juu ya uvumbuzi wake, ugonjwa na biashara mbaya vilimumaliza feza. Tarehe 29 mwezi wa tisa 1913, alipanda meli Dresden kutoka Anvers kwenda Uingereza. Asubuhi yake hakuwa tena ndani ya meli. Siku chache kisha, mabaharia wa Uholanzi waliona maiti baharini. Walichukua vitu vya mufukoni, na mwana wake Eugen akavitambua. Wengi wanafikiri alijiua juu ya madeni. Wengine walisema aliuawa, lakini hakuna ushahidi.

Petroli ilikuwa rahisi, na mafuta ya mimea yakawekwa kando. Lakini Ubelgiji, iliyotawala Kongo na mashamba yake ya mawese, haikuyasahau. Mwaka wa 1937, Chavanne wa Chuo Kikuu cha Bruxelles alipata hati ya njia ya kugeuza mafuta ya mimea kuwa mafuta ya moteri. Mwaka wa 1938, basi moja lilibeba wasafiri kati ya Bruxelles na Louvain kwa mafuta yaliyotoka katika mawese.

Umoja wa Ulaya ulirudi kwenye njia hiyo ili kupunguza petroli na moshi unaoharibu hali ya hewa. Sheria ya mwaka wa 2009 ilitaka asilimia 10 ya nishati ya usafiri itoke kwenye vyanzo visivyoisha kufikia 2020. Viwanda vikakimbilia kolza na mawese. Lakini shamba la chakula likigeuzwa shamba la mafuta ya moteri, chakula kinatafutiwa udongo pengine, na mara nyingi ni pori linalokatwa. Mwaka wa 2015 Ulaya iliweka mupaka wa asilimia 7 kwa mafuta yanayotoka kwenye mimea ya chakula. Kisha sheria ya 2018 ikaamua kwamba mafuta yanayoharibu pori zaidi, mawese yakiwa ya kwanza, yapunguzwe mpaka yasihesabiwe tena mwaka wa 2030. Sasa inasukuma mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika, na mabaki ya mavuno.

Diesel alijibu swali moja: kama moteri inaweza kutembea kwa mafuta ya karanga. Swali lingine, mafuta hayo yatatoka katika udongo wa nani, halikuulizwa Paris mwaka wa 1900. Ulaya imeanza kuliweka ndani ya sheria zake. Kwa inchi yenye pori na mawese kama Kongo, jibu lake lina uzito kuliko moteri yenyewe.