Wilhelm Kühne

Wilhelm Friedrich Kühne (Hamburg, 28 Machi 1837 – Heidelberg, 10 Juni 1900) alikuwa mwanafiziolojia wa Ujerumani. Anajulikana hasa kwa uchunguzi wake juu ya vimeng'enya na juu ya rodopsini, protini ya retina inayohisi mwanga.

Maisha

Alisoma kemia na fiziolojia kwenye Chuo Kikuu cha Göttingen, ambako Friedrich Wöhler alikuwa mmoja wa walimu wake, akapata shahada mwaka 1856. Baadaye alijifunza chini ya wataalamu wengine, akiwemo Claude Bernard mjini Paris. Miaka ya 1860 aliongoza idara ya kemia katika maabara ya Rudolf Virchow mjini Berlin. Mwaka 1868 akawa profesa huko Amsterdam, na mwaka 1871 alichukua nafasi ya Hermann von Helmholtz huko Heidelberg. Alibaki hapo hadi kifo chake.

Vimeng'enya

Akichunguza majimaji ya kongosho, Kühne alitambua tripsini, inayovunja protini za chakula. Katika miaka hiyo ya 1870 alipendekeza neno "enzimu" kutoka maneno ya Kigiriki yenye maana ya "ndani ya chachu". Jina la Kiswahili, kimeng'enya, linatokana na kumeng'enya chakula, na kwa kweli linaikaribia zaidi kazi aliyokuwa akiifanya.

Rangi ya retina

Mwaka 1876 Franz Boll, Mjerumani kijana aliyekuwa profesa mjini Roma, alitangaza kwamba retina ya chura aliyekaa gizani ni nyekundu, na kwamba rangi hiyo hufifia ikipigwa na mwanga. Wengine walikuwa wameiona rangi hiyo kabla yake, lakini walidhani ni ya damu. Boll aliamini pia kwamba rangi hutoweka muda mfupi baada ya mnyama kufa.

Kühne alianza kurudia majaribio hayo mara moja, mwanzoni mwa 1877. Alifanya kazi katika chumba cha giza chenye mwanga wa manjano wa sodiamu, ambao hauidhuru sana rangi hiyo. Akaona kwamba retina ya mnyama aliyekufa hubaki na rangi yake muda mrefu ikiwa gizani: kinachoiondoa ni mwanga, wala kifo hakihusiki. Aligundua pia kwamba retina iliyopauka huweza kurudishiwa rangi ikigusana tena na tabaka la seli nyeusi lililo nyuma yake.

Hatua kubwa kuliko zote ilikuwa kuitoa rangi yenyewe. Maji matupu hayakuiyeyusha, lakini chumvi za nyongo ziliiyeyusha, akapata kimiminika chekundu kilichopauka mwangani kama retina ilivyopauka. Tangu hapo kuona kukawa jambo la kemia: dutu inayoweza kuwekwa katika chupa na kupimwa. Heshima ya kuona rangi ikififia ni ya Boll, na inafaa itajwe, kwa sababu Boll alifariki mwaka 1879 akiwa na miaka 30 tu, na Kühne ndiye aliyebaki kuendeleza kazi hiyo.

Optogramu

Kühne alimweka sungura akitazama dirisha lenye nondo, akamfunika kichwa kwa dakika kadhaa ili rangi ijikusanye, kisha akamfunua kwa dakika tatu na kumchinja. Retina ilipotibiwa kwa shabu, picha ya dirisha pamoja na nondo zake ilionekana juu yake. Picha ya namna hiyo aliiita optogramu.

Habari hizo zilichochea fikra kwamba jicho la mtu aliyeuawa linaweza kumwonyesha muuaji wake. Mwaka 1880 Kühne alipata macho ya mtu aliyenyongolewa kichwa kwa hukumu ya mahakama huko Bruchsal. Kwenye retina moja aliona umbo fulani, akalichora, lakini haikuwezekana kujua lilikuwa picha ya kitu gani. Matumaini ya polisi na waandishi wa hadithi hayakutimia. Jicho la kawaida halitulii mahali pamoja kwa dakika tatu kama la sungura yule.

Baada yake

Mwaka 1933 Mmarekani George Wald alipata vitamini A katika retina, na sehemu ya kazi hiyo aliifanya Heidelberg, mji wa Kühne. Ilieleweka kwamba rodopsini ni protini, opsini, iliyoshika molekuli inayotokana na vitamini hiyo. Ndiyo sababu upungufu wa vitamini A huleta upofu wa usiku. Wald alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Tiba ya mwaka 1967.

Siku hizi maabara nyingi hutafuta rodopsini kwa kingamwili. Mojawapo, inayoitwa 1D4, hushika kipande kifupi cha mkia wa rodopsini ya ng'ombe. Kingamwili ikiunganishwa na rangi inayong'aa, seli zenye umbo la fito huonekana kwa hadubini, na mtafiti wa magonjwa yanayoua seli hizo huweza kujua ni ngapi zimesalia. Kühne alilazimika kufanya kazi gizani, kwani rangi ikipotea hakuwa na kitu cha kutazama. Kingamwili huishika protini hata baada ya rangi kupauka, kwa hiyo kipande cha retina huweza kuchunguzwa mchana.