John Hannah: mtaalamu wa kuku aliyekitafutia chuo chake kiti katika Big Ten

Agosti 2024, vyuo vikuu vinne vya pwani ya magharibi ya Marekani, yaani UCLA, USC, Oregon na Washington, vilijiunga rasmi na muungano wa michezo uitwao Big Ten. Jina hilo maana yake ni Kumi Kubwa, ingawa sasa wanachama wake ni 18. Timu ya wanafunzi kutoka Los Angeles inaweza kulazimika kuruka takriban kilomita 4,000 kwenda kucheza mechi ya ligi huko New Jersey, kisha irudi darasani.

Kwa msomaji aliyezoea ligi za soka za kwetu, jambo hili linahitaji maelezo. Katika michezo ya vyuo vikuu vya Marekani hakuna kupanda wala kushuka daraja. Timu inaweza kushinda mechi zote na bado ikabaki nje ya muungano inaoutamani. Ili kuingia, ni lazima walio ndani wakuchague. Leo kinachoamua zaidi ni fedha za haki za matangazo ya televisheni. Ndiyo maana nchi nzima ilishuhudia muungano wa zamani wa pwani ya magharibi ukibakiwa na vyuo viwili tu, Washington State na Oregon State, wengine wote wakiwa wamehama.

Je, mambo yalikuwa hivi tangu zamani? Ili kujibu swali hilo, katika makala haya tunaangalia maisha ya John Alfred Hannah, kiongozi wa chuo aliyeingia katika muungano huohuo miaka ya 1940 kupitia mlango mwembamba sana.

Kutoka kwenye vifaranga hadi uongozi wa chuo

Hannah alizaliwa Oktoba 9, 1902 katika mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan. Alipita kwa muda mfupi Chuo Kikuu cha Michigan kilichoko mji wa Ann Arbor, kisha akahamia chuo cha kilimo cha jimbo hilo huko East Lansing, ambako alihitimu mwaka 1923. Taaluma yake ilikuwa ufugaji wa kuku. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya bwana shamba: kuzunguka vijijini akiwafundisha wakulima namna ya kuchagua kuku wa kutaga na kukinga mabanda dhidi ya magonjwa. Wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi miaka ya 1930, alipewa kazi ya kusimamia kanuni za serikali kuu kuhusu biashara ya vifaranga nchini Marekani.

Mwaka 1935 alirudi East Lansing kama katibu wa bodi ya chuo. Mwaka 1938 alimuoa Sarah Shaw, binti wa mkuu wa chuo, na mwaka 1941 akarithi nafasi ya baba mkwe wake. Alikuwa na umri wa miaka 38, na hakuwa na shahada ya uzamivu.

Chuo alichokabidhiwa, ambacho hapa tutakiita Michigan State, kilikuwa na wanafunzi wapatao 6,000. Kilianzishwa mwaka 1855 na kilikuwa na heshima yake katika kilimo. Lakini wengi waliosoma Ann Arbor, umbali wa kilomita 100 hivi, walikiona kama chuo cha ng'ombe. Mtoto wa wakili alipelekwa Ann Arbor na mtoto wa mkulima alipelekwa East Lansing. Hannah alitaka kuvunja mgawanyo huo.

Kiti kinaachwa wazi

Big Ten ilianzishwa mwaka 1896 na vyuo saba vya eneo la Maziwa Makuu ya Marekani na majimbo jirani. Wakuu wa vyuo waliiunda ili kudhibiti vurugu za michezo: wachezaji waliolipwa kwa siri na wengine ambao hawakuwa wanafunzi kabisa. Tangu mwanzo, kura hazikuwa za makocha. Zilikuwa mikononi mwa wawakilishi wa wahadhiri, mmoja kutoka kila chuo.

Mmoja wa waanzilishi alikuwa Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka 1939 mkuu wake, Robert Maynard Hutchins, alifuta timu ya futiboli ya Kimarekani, mchezo wa mpira wenye umbo la yai unaobebwa na kurushwa kwa mikono, na ambao ndio uliokuwa ukijaza viwanja. Kwake, mchezo huo ulikuwa unakula muda na heshima ya elimu. Mwaka 1946 Chicago ilijitoa kabisa katika muungano, na kiti kimoja kikabaki wazi.

Hannah alikitaka. Hesabu yake haikuwa ya magoli na vikombe tu. Wanachama wa Big Ten walikuwa miongoni mwa vyuo vikuu vya utafiti vyenye sifa kubwa nchini, na chuo ambacho kila Jumamosi kilitajwa pamoja navyo kingeanza kufikiriwa pamoja navyo. Profesa mzuri angekubali kuhamia hapo. Mbunge wa jimbo angeona aibu kukinyima bajeti. Mzazi wa mjini angemruhusu mwanawe kwenda kusoma huko.

Lakini Michigan State haikuwa peke yake kwenye foleni. Pittsburgh ilikuwa miongoni mwa vyuo vilivyotajwa, na wapo waliofikiri kwamba muungano ungeweza kubaki na wanachama tisa bila taabu. Ann Arbor nako wapo ambao hawakufurahia kumpa jirani jukwaa sawa na lao.

Kampeni ya miaka miwili

Hannah alifanya kazi hiyo kama alivyowafanyia wakulima, yaani kwa kubisha hodi mlango mmoja baada ya mwingine. Alizungumza na wakuu wa vyuo vingine, na akapata mshirika muhimu katika James Lewis Morrill, mkuu wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Alimwajiri kocha Clarence Munn mwaka 1947. Mechi ya kwanza ya Munn ilikuwa dhidi ya Ann Arbor, na Michigan State ilichapwa 55 kwa 0. Hannah hakurudi nyuma. Aliupanua uwanja hadi ukabeba watazamaji 51,000 mwaka 1948, kabla hajajua kama angekubaliwa, na akakubaliana na Notre Dame, timu iliyovuta watazamaji kuliko nyingi, ili vyuo hivyo vianze tena kukutana mwaka huohuo.

Sambamba na hayo, vita kuu ya pili ilikuwa imekwisha na serikali ilikuwa ikiwalipia karo askari waliorudi. Vyuo vingi viliweka kikomo cha kupokea wanafunzi. Hannah alifungua milango. Askari wa zamani walilazwa kwenye vibanda vya mabati vya kijeshi, na wengine kwenye vitanda vilivyopangwa ndani ya ukumbi wa michezo, huku mabweni yakijengwa. Kwa hiyo chuo kilichopeleka maombi Chicago hakikuwa tena kile cha wanafunzi 6,000.

Desemba 1948 wawakilishi wa wahadhiri walipiga kura ya kukikubali, kwa sharti kwamba kwanza kikaguliwe. Hapa ndipo gharama ilipoonekana. Kanuni za Big Ten wakati huo zilikataza kutoa ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo peke yake, na Michigan State ilikuwa na ufadhili wa namna hiyo, uliotokana na mali ya urithi wa mfadhili wake, Frederick Jenison. Hannah alilazimika kuufuta. Ilibidi pia athibitishe kwamba michezo inasimamiwa na wahadhiri na si makocha. Mei 20, 1949 uanachama ulithibitishwa, ingawa katika futiboli timu haikuanza kuwania ubingwa wa Big Ten hadi mwaka 1953.

Doa na matunda

Tusimpambe Hannah kuliko anavyostahili. Mwaka 1953, kabla timu haijacheza hata mechi moja ya kuwania ubingwa huo, Big Ten iliiweka Michigan State chini ya uangalizi kwa kuwa kikundi cha mashabiki kilikuwa kikiwapa wachezaji fedha kinyume cha kanuni. Mkuu aliyeahidi nyumba safi alikuwa ameingia na vumbi miguuni. Msimu huohuo timu ilishinda ubingwa kwa pamoja na Illinois, na Januari 1, 1954 ikaifunga UCLA 28 kwa 20 katika Rose Bowl. Miaka ya baadaye alikosolewa vikali kwa mradi wa chuo wa kuishauri serikali ya Vietnam Kusini, uliodumu kati ya 1955 na 1962, ambao mwaka 1966 gazeti la Ramparts liliuhusisha na shirika la ujasusi la CIA.

Hata hivyo, kiti alichokitafuta hakikukaliwa bure. Mwaka 1955 chuo kilipata hadhi ya chuo kikuu, licha ya upinzani kutoka Ann Arbor. Mwaka 1958 wakuu wa Big Ten waliunda chombo cha ushirikiano wa kitaaluma, wakamwalika na Chicago, ambayo ilikuwa imeachana na michezo yao lakini si na vitabu vyao. Mwaka 1964 Michigan State ilipokelewa katika umoja wa vyuo vikuu vya utafiti vya Marekani. Hannah alipoondoka mwaka 1969, wanafunzi walikuwa karibu 40,000.

Mlango ulifunguka pia kwa wengine. Hannah alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa Tume ya Haki za Kiraia ya Marekani, kuanzia 1957 hadi 1969. Katika miaka hiyo timu yake iliwapokea vijana Weusi kutoka majimbo ya kusini ambako vyuo vikubwa viliwafungia milango, miongoni mwao George Webster wa South Carolina na Bubba Smith wa Texas. Mwaka 1966 manahodha wote wawili, Webster na Clinton Jones, walikuwa Weusi. Na hapa Afrika, Michigan State ilishirikiana na Nnamdi Azikiwe kuanzisha Chuo Kikuu cha Nigeria mjini Nsukka, kilichofunguliwa mwaka 1960 kwa mfano wa vyuo vya kilimo na ufundi vya Marekani.

Swali alilotuachia

Baada ya kuongoza shirika la misaada la Marekani, USAID, hadi mwaka 1973, na kushughulikia masuala ya chakula katika Umoja wa Mataifa, Hannah alifariki dunia Februari 23, 1991 akiwa na umri wa miaka 88. Miezi michache kabla, Big Ten ilikuwa imempokea Penn State. Ni yeye aliyekuwa mwanachama mpya wa kwanza tangu Michigan State, zaidi ya miaka 40 nyuma.

Tukilinganisha siku zake na za leo, tusidhani kwamba zamani watu walikuwa watakatifu. Fedha, viwanja na ushawishi vilikuwepo. Tofauti ni maswali yaliyoulizwa mezani. Mwaka 1948 mwombaji aliulizwa nani anasimamia michezo yake, wachezaji wake wanalipwa nini, na chuo chake kinafundisha nini. Mwaka 2024 swali lililotangulia lilikuwa ni nyumba ngapi zitafungulia televisheni. Vyuo viwili vilivyoachwa kule magharibi havikushindwa mtihani wa darasani wala wa uwanjani. Walio ndani hawakuviona vina soko la kutosha, na hilo ni jambo ambalo hata Hannah, kwa bidii yake yote ya kubisha hodi, asingeweza kulirekebisha.