Galileo na Jiwe la Kikopey

Atokaye Mombasa kwenda Nakuru hapiti Kikopey bila kunusa moshi. Hapo mbele ya Gilgil, kando ya barabara kuu, nyama ya mbuzi huchomwa kutwa, na mimi, baada ya kuuliza nani kachinja na kuridhika, nilikaa kitako na mpwa wangu kungoja sahani. Kijana huyu anasoma sekondari, na alikwisha nipa habari kwamba fizikia ataiacha.

Akanionyesha daftari lake. Hesabu yenyewe ilikuwa ya jiwe linalotupwa kwenda chini kutoka juu ya genge la mita 30, kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde, litafika baada ya muda gani. Yeye kapata sekunde 3. Mwalimu kaikata kwa wino mwekundu.

Tukajongea ukingoni, mahali panapotazama upande wa Ziwa Elementaita. Kwa ujinga wangu nikaokota jiwe nikalivurumiza bondeni ili tuhesabu pamoja. Kumbe chini ya vichaka palikuwa na mbuzi na mchungaji wao, mtoto mdogo. Jiwe lilimwangukia hatua chache mbele ya miguu. Nilishuka kumtaka radhi, na niliporudi nyama haikupita kooni. Njia nzima ya kurudi nilimfikiri Galileo, mtu aliyetumia umri wake kujua kitu kilichoachwa mkononi kitafika wapi na lini.

Galileo Galilei alizaliwa Pisa, Italia, mwaka 1564, mwana wa mpiga kinanda cha nyuzi. Baba alitaka mtoto awe tabibu. Mtoto akaacha chuo mwaka 1585 bila shahada, akashika hesabu. Mwaka 1589 akafundisha Pisa, na tangu 1592 Padua, alikokaa miaka 18. Ile hadithi ya kuangusha mipira kutoka mnara wa Pisa ilisimuliwa na mwanafunzi wake, na wataalamu wengi wa historia wanaitilia shaka. Mimi naona hakuuhitaji mnara. Kitu kinachoanguka kina haraka, na saa za wakati ule hazikuweza kukifuata. Basi akachonga mfereji katika ubao, akauinamisha kidogo, akateremsha gololi ya shaba. Muda aliupima kwa maji: yaliyochirizika kutoka chomboni aliyatia mizanini. Akaona muda ukiwa maradufu, mwendo huwa mara 4. Muda ukiwa mara 3, mwendo huwa mara 9.

Tusisahau kwamba njia ilikwisha pitwa na wengine. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika kwamba kitu kilichotupwa hupewa mwelekeo ndani yake, na kama hapana cha kukizuia hakingesimama. Baada yake Abu'l-Barakat wa Baghdad akaeleza kwamba kianguka huongeza kasi kwa kuwa mwelekeo huo hulimbikizana. Galileo aliuweka mwendo huo katika hesabu.

Hesabu yake ndiyo iliyomshinda mpwa wangu. Mwendo wa jiwe ni miwili, na kila mmoja huenda kama kwamba mwenziwe hayupo. Mkono ulilipa mita 5 kwa sekunde. Kwa sekunde 2 ni mita 10. Uzito, kwa hesabu ya shule, huongeza kasi mita 10 kwa sekunde kila sekunde. Kwa sekunde 2, kutoka kusimama, huliteremsha mita 20. Jumla ni 30, nalo limefika. Kijana aliweka alama ya kutoa mbele ya ile 5, ilhali chini alikuwa amekufanya kuwa kujumlisha. Kwa hiyo alilirusha jiwe juu bila kujua: kwa sekunde 3 uzito huliteremsha mita 45, mkono unapunguza 15, zinabaki 30. Jibu lake lilikuwa sahihi kwa jiwe jingine.

Mwaka 1609 Galileo alielekeza darubini mbinguni, na huko ndiko alikopatia sifa na masaibu. Kwa kushikilia kwamba dunia hulizunguka jua alihukumiwa na Kanisa huko Roma mwaka 1633, akafungiwa nyumbani kwake Arcetri, karibu na Florence. Mwaka uliofuata akafiwa na binti yake, mtawa aliyekuwa akimliwaza kwa barua. Kisha macho yakapofuka. Katika dhiki hiyo ndimo alimokamilisha kitabu chake cha mwendo, kikapigwa chapa Leiden, Uholanzi, mwaka 1638. Alifariki Januari 1642. Kanisa lilikiri kosa lake mwaka 1992, miaka 350 baadaye.

Nilipomweleza haya, kijana aliniuliza tu kama kipofu yule aliandika hesabu kwa mkono wake. Nikamjibu kwamba alikuwa na wanafunzi wa kumwandikia.

Juzi kaniletea daftari. Kajitungia hesabu: jiwe lile lile, genge lile lile, lakini pamoja na mita 5 za kwenda chini mtupaji kalisukuma mbele kwa mita 8 kwa sekunde. Muda haukubadilika, sekunde 2. Kwa hiyo, tusipouhesabu upepo, linaanguka mita 16 kutoka chini ya genge. Pembeni kachora mbuzi, na mtoto mwenye fimbo. Niliipitia mara mbili, ni sawa.