Mbiyu Koinange na Chuo cha Githunguri

Ni wachache mno katika historia ya Kenya waliofungiwa shule na serikali, kisha wakaja kukabidhiwa wizara yenye uwezo wa kufunga shule za wengine. Peter Mbiyu Koinange ni mmoja wao. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilikifunga chuo alichokiasisi Githunguri kwa michango ya wananchi. Miaka kumi na miwili baadaye akawa Waziri wa Elimu katika serikali huru. Wengi humkumbuka kama shemeji na mwandani wa Mzee Jomo Kenyatta. Kumbukumbu hiyo si ya uongo, ila imemfunika mwalimu.

Mbiyu alizaliwa Kiambu mwaka 1907, akiwa mwana wa Chifu Mkuu Koinange wa Mbiyu. Alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa Shule ya Alliance iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926, na mwaka uliofuata akavuka bahari kwenda Marekani. Alianza katika taasisi ya Hampton, Virginia, iliyokuwa imeundwa kwa ajili ya Wamarekani weusi, akaendelea na Chuo Kikuu cha Ohio Wesleyan, kisha Columbia, New York, alikopata shahada ya uzamili katika elimu. Baada ya kusoma zaidi Uingereza alirejea nyumbani mwaka 1938. Hakuna Mkenya Mwafrika aliyekuwa na elimu kama hiyo wakati huo. Hata hivyo, utumishi wa kikoloni ulilipa watu kwa rangi zao: mwalimu Mwafrika, hata awe na shahada sawa na ya Mzungu, mshahara wake ulikuwa ule wa Mwafrika.

Ili kuelewa kilichomngoja Mbiyu alipotua, ni lazima kurudi nyuma miaka tisa. Mnamo 1929 wamisionari katika eneo la Wakikuyu, hasa wale wa Kanisa la Scotland na wa African Inland Mission, waliwataka walimu na waumini wao kuapa kwamba wataachana na tohara ya wasichana. Waliokataa walifukuzwa, na watoto wao wakakosa nafasi darasani. Hapa suala la mila na suala la elimu yalifungwa fundo moja, na hadi leo baadhi ya waandishi huyatenganisha kwa urahisi usiostahili. Wazazi hawakuikataa shule. Walikataa masharti ya mwenye shule. Wakajenga zao. Vyama viwili vilizisimamia: Chama cha Shule Huru za Wakikuyu, kilichojulikana kwa kifupi kama KISA, na kile cha Karing'a kilichokuwa na nguvu zaidi Kiambu.

Kasoro kubwa ya shule hizo ilikuwa walimu. Vyuo vya ualimu vilimilikiwa na misheni au na serikali, na shule huru hazikuwa na chake. Aliyemaliza madarasa machache ndiye aliyewafundisha waliokuwa chini yake. Wakaguzi walipopita, udhaifu huo ndio waliouandika, na udhaifu ulioandikwa ni hoja ya kufunga. Mbiyu alitambua kwamba shule isiyokuwa na walimu waliofunzwa itaishi kwa hisani ya mkaguzi. Dawa yake ilikuwa chuo.

Januari 1939 Chuo cha Walimu Waafrika cha Kenya kilifunguliwa Githunguri, naye akiwa mkuu wake. Namna kilivyojengwa inastahili kukumbukwa kuliko majengo yenyewe. Mbiyu na baba yake walitumia mfumo wa marika, ule utaratibu wa kuwakusanya watu kwa kufuata mwaka wa tohara yao. Kila rika lilishindana na jingine katika kuchanga, kwa hiyo aibu na fahari zilifanya kazi ambayo kodi isingeweza kuifanya. Wanawake nao hawakuachwa nyuma: walichanga fedha zao wenyewe na kulijenga bweni la wasichana. Mtu asiyejua kusoma alitoa mbuzi au senti chache, akawa mmiliki wa chuo ambacho yeye mwenyewe asingeingia darasani mwake. Githunguri haikubaki chuo cha walimu pekee. Ilipokea watoto wa shule ya msingi na vijana wa sekondari, na wanafunzi wakatoka hata nje ya Kiambu. Fedha hazikutosha kamwe, na nidhamu ya hesabu ililegea mara kwa mara. Ukweli huo haufai kufichwa, kwa maana maadui wa chuo waliutumia sana.

Kenyatta alirejea kutoka Uingereza Septemba 1946, na Mbiyu aliposafiri tena mwaka uliofuata, uongozi wa chuo ukawa wa Kenyatta. Tangu hapo Githunguri ikawa pia uwanja wa siasa. Kwa upande wa pili, serikali ilikuwa imeanza kukaza kamba. Ripoti ya kamati ya Leonard Beecher, kasisi wa Kianglikana, iliyotolewa mwaka 1949, ilipendekeza mfumo wa miaka minne ya msingi, minne ya kati na minne ya sekondari, mchujo mkali baina ya hatua hizo, na ukaguzi wa karibu zaidi. Kwa watawala huo ulikuwa mpango wa kulinda viwango. Kwa wazazi wa shule huru ulikuwa mlango unaofungwa taratibu: watoto wengi wangekomea darasa la nne, na shule ambazo hazingetimiza masharti zingefutwa. Pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya haki, lakini upande mmoja tu ndio uliokuwa na mamlaka ya kuamua.

Mwaka 1951 chama cha KAU kilimtuma Mbiyu pamoja na Achieng Oneko kwenda Uingereza kuwasilisha malalamiko ya ardhi. Angali huko, Hali ya Hatari ikatangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Baba yake alikamatwa, akashtakiwa kwa mauaji ya Chifu Waruhiu, akaachiliwa na mahakama, kisha akazuiliwa kwa miaka mingi bila hukumu. Mwezi uliofuata amri za kufunga shule zikaanza kutolewa. Sababu iliyotajwa ilikuwa kwamba shule huru zilikuwa vituo vya viapo vya Mau Mau. Baadhi zilikuwa hivyo, bila shaka; lakini amri haikuchambua. Wala kamati za wazazi hazikuulizwa. Baadhi ya shule ziliruhusiwa kufunguliwa tena kwa sharti la kuwekwa chini ya Bodi za Elimu za Wilaya au chini ya misheni, ndiyo misheni zile zile ambazo wazazi walikuwa wamezikimbia mwaka 1929. Mzazi akawa na uchaguzi kati ya kumrudisha mtoto kwa aliyemfukuza na kumwacha nyumbani.

Githunguri haikupewa hata uchaguzi huo. Chuo kilifungwa, mahali pale pakatwaliwa na serikali, na katika miaka ya Hali ya Hatari watu walinyongwa Githunguri. Wazee waliokuwa wamechanga kwa jina la rika lao walipita kando ya mahali hapo wakijua senti zao zimeishia wapi.

Mbiyu, aliyehesabiwa na serikali kuwa mmoja wa waasisi wa Mau Mau, hakuweza kurudi. Mwaka 1955 kitabu chake kuhusu watu wa Kenya na juhudi zao za kujielimisha kilichapishwa Detroit, na sehemu kubwa yake ni habari za Githunguri; chuo kilichofungwa kikabaki katika maandishi. Mwaka 1959 alihamia Ghana kumtumikia Nkrumah. Mkutano wa Lancaster House ulipofunguliwa London Januari 1960, wajumbe Waafrika walisusia vikao vya mwanzo kwa sababu serikali ya Uingereza ilimkataa kama mshauri wao. Suluhu ilikuwa ya ajabu: aliruhusiwa kuingia katika jengo, si katika ukumbi wa mkutano. Mwaka huo huo baba yake, aliyekuwa ameachiliwa karibuni, aliaga dunia.

Baada ya uhuru, na baada ya kuhudumu kwanza kama Waziri wa Nchi wa masuala ya Afrika, Mbiyu alikabidhiwa Wizara ya Elimu mwishoni mwa 1964. Ripoti ya Tume ya Ominde, iliyotolewa kuanzia Desemba mwaka huo, ndiyo iliyokuwa mezani pake. Ilitaka ubaguzi wa rangi ukomeshwe shuleni, na ikapendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi. Wanafunzi wa lugha hii wanajua pendekezo hilo lilivyosubiri: ni mfumo wa 8-4-4, mwaka 1985, uliokifanya Kiswahili kuwa cha lazima na chenye kutahiniwa.

Ripoti hiyo pia ilionyesha wasiwasi juu ya shule za harambee zilizokuwa zikichipuka kila kona bila walimu wa kutosha. Hoja ilikuwa ile ile iliyotumiwa dhidi ya shule huru, yaani viwango, na haikuwa hoja ya uongo. Serikali haikuwa na fedha za kuzigharimia zote. Lakini aliyekuwa akiisikiliza sasa ni mtu aliyewahi kuwaomba watu mbuzi wajenge chuo. Kabla ya muongo ule kwisha, shule za sekondari zisizopata ruzuku, nyingi zikiwa za harambee, zilizidi zile za serikali kwa idadi. Haziwezi kuhesabiwa kuwa kazi ya Mbiyu, kwa kuwa alikaa wizarani hadi 1966 tu, akahamishiwa Afisi ya Rais alikodumu hadi kifo cha Kenyatta mwaka 1978. Wala hakuacha sheria ya kuwapa wazazi sauti pale shule yao inapotakiwa kufungwa. Kwa mtu aliyepitia ya Githunguri, hilo ni pengo.

Mwaka 1979 alikipoteza kiti cha ubunge cha Kiambaa, na Septemba 1981 akafariki. Katika miongo iliyofuata jina lake lilitajwa magazetini zaidi kwa ajili ya kesi ya urithi wa mali yake kuliko kwa ajili ya chuo kile na bweni la wasichana lililojengwa na wanawake wa Kiambu.