Mtakatifu Inyasi na Dhambi Zilizokwisha Ondolewa

Katika nchi ya Wabaski, upande wa kaskazini wa Hispania, ndani ya ngome ya Loyola, alizaliwa mwaka 1491 mtoto mwanamume aliyeitwa Iñigo. Alikuwa kitinda mimba katika jamaa ya watoto wengi. Alipokuwa kijana alipelekwa Arévalo, nyumbani mwa Juan Velázquez de Cuéllar, mtunza hazina wa ufalme wa Kastilia. Huko akajifunza adabu za wakubwa: kupanda farasi, kushika upanga, kuandika kwa mwandiko mzuri, na kupenda sifa kupita kiasi. Mwandiko huo mzuri ukumbukwe, maana ulimtumikia baadaye katika kazi asiyoitazamia.

Tarehe 20 Mei 1521, Wafaransa waliposhambulia ngome ya Pamplona, risasi ya mzinga ilimvunja mguu wa kulia na kumjeruhi wa kushoto. Maadui wenyewe walimtibu, kisha wakampeleka kwao Loyola. Mfupa ulikuwa umeunganishwa vibaya, ikabidi uvunjwe tena. Na kipande kilipobaki kimetokeza chini ya goti, yeye mwenyewe aliomba kikatwe kwa msumeno, asije akaonekana mbaya katika viatu vyake vya kiungwana. Hakulia, alikunja ngumi tu. Akiwa kitandani aliomba hadithi za mashujaa, hazikuwamo nyumbani. Akapewa kitabu cha maisha ya Bwana wetu Yezu Kristu na kingine cha maisha ya watakatifu. Alivisoma mpaka moyo wake ukageuka, akaazimia kwenda Yeruzalemu na kufanya toba.

Mwezi wa Machi 1522 alifika Montserrat, monasteri ya Wabenedikto juu ya mlima. Akaungama dhambi za maisha yake yote kwa kuziandika, na maungamo hayo yalichukua siku tatu. Usiku wa kuamkia sikukuu ya Kupashwa Habari Bikira Maria alikesha mbele ya altare yake, huku upanga wake umetundikwa hapo. Mavazi yake mazuri alikuwa amempa maskini. Kulipokucha alishuka hadi mji mdogo wa Manresa, akikusudia kukaa siku chache. Alikaa karibu miezi kumi na mmoja.

Huko aliomba chakula mlango kwa mlango, hakula nyama, hakunywa divai isipokuwa siku ya Dominika. Alisali kwa magoti saa saba kila siku. Kwa kuwa zamani alijivunia nywele zake, sasa aliziacha zikue bila kuchanwa, na kucha vivyo hivyo. Miezi ya kwanza alikuwa na furaha. Kisha likamjia jambo ambalo upanga na msumeno havikumfundisha kulikabili.

Alianza kuwaza kwamba huenda hakuungama vema kule Montserrat. Labda dhambi moja aliisahau. Labda nyingine aliitaja, lakini si kwa namna ilivyokuwa hasa. Akaenda kuungama tena. Hakutulia. Akawatafuta watu wenye elimu ya roho, na mwalimu mmoja wa teolojia aliyehubiri katika kanisa kuu la mji akamshauri aandike yote aliyoweza kukumbuka. Mwandishi hodari akaandika. Lakini baada ya kuungama wasiwasi ulirudi, na kila uliporudi ulishika jambo dogo zaidi kuliko lile la kwanza. Ilikuwa kama mtu anayefagia uwanja wa mchanga: kadiri anavyofagia, ndivyo anavyoona mchanga wa kufagia.

Alifahamu kwamba wasiwasi ule ulimdhuru. Mtu akiwaza kwamba wenye taabu hii hawana akili, amekosea; Iñigo aliona wazi kwamba ingekuwa heri kuuacha, ila hakuweza. Alitamani muungamishi wake amwamuru, kwa jina la Yezu Kristu, asiungame tena jambo lolote lililopita, lakini hakuthubutu kumwomba. Ikawa padri yule, bila kuambiwa, alimwamuru hivyo mwenyewe. Ila aliongeza neno moja: asiungame ya zamani, isipokuwa jambo lililo dhahiri kabisa. Neno hilo dogo liliharibu dawa yote, maana kwa Iñigo mambo yote yalikuwa dhahiri.

Wakati huo alikaa katika chumba kidogo ndani ya nyumba ya watawa Wadominiko. Alilia kwa sauti akimwomba Mungu msaada, akisema yuko tayari kumfuata hata mtoto wa mbwa kama huyo ndiye atakayemwonyesha njia. Karibu na mahali aliposali palikuwa na shimo kubwa, na mara nyingi alishikwa na msukumo wa nguvu wa kujitupa ndani afe. Alijua kwamba kujiua ni dhambi, akapaza sauti akikataa kumchukiza Mungu, akalirudia neno hilo mara nyingi, mpaka msukumo ulipopungua. Hivyo mtu aliyesimama imara mbele ya mizinga ya Pamplona alipigania uhai wake peke yake chumbani, na adui alikuwa ni hofu ya dhambi ambazo padri alikwisha kuziondoa.

Baadaye alikumbuka kisa cha mtakatifu mmoja aliyefunga mpaka Mungu akampa alichoomba. Naye akaacha kula na kunywa kabisa, Dominika hadi Dominika, bila kupunguza sala zake. Dominika ya pili muungamishi alipopata habari alimwamuru ale, la sivyo hatamwondolea dhambi. Iñigo alijiona bado ana nguvu, hata hivyo alitii. Siku hiyo na ya pili yake alikuwa huru. Siku ya tatu, akisali, dhambi za zamani zikaanza kurudi, moja ikiivuta nyingine kama shanga katika uzi, na akajiona analazimika kuziungama tena. Mwisho wa mawazo hayo akasikia kinyaa cha maisha aliyokuwa akiishi, na hamu ya kuyaacha yote.

Hapo aliamka kama mtu atokaye usingizini. Alikwisha jifunza kutambua roho mbalimbali kwa matunda yake, akajiuliza: wasiwasi huu umeingia kwa mlango gani, na unanipeleka wapi? Akaona kwamba ungemtoa katika njia ya Mungu kabisa. Basi akaazimia kutoungama tena hata jambo moja la zamani. Hakuwa amepata dhambi ya mwisho aliyoitafuta, wala hakuthibitishiwa kwamba maungamo yake yalikuwa kamili. Aliacha tu kurudia. Tangu siku hiyo wasiwasi ule ulimtoka, naye aliona hakika kwamba Bwana kwa huruma yake ndiye aliyemfungua. Baadaye alianza tena kula nyama, akakata nywele na kucha zake.

Madaktari wa siku zetu wanaufahamu ugonjwa wa namna hii. Mmoja hunawa mikono mpaka ngozi inachubuka. Mwingine humwacha mwenzake njiani arudi kutazama kama mlango umefungwa, na akiisha kuutazama hurudi tena. Mwingine huanza upya sala yake kila anapodhani ameruka neno. Tendo lile hupoza hofu kwa dakika chache, na kwa sababu hiyo hofu huzoea kulidai tena. Dawa mojawapo wanayoitumia ni kumsaidia mgonjwa, pole pole, avumilie hofu bila kulifanya lile tendo, mpaka hofu ipungue yenyewe. Si kila mtu huweza peke yake, na wengine huhitaji pia dawa za hospitali. Iñigo hakuwa na daktari wa namna hiyo. Alikuwa na padri aliyemlazimisha kula.

Aliyoyapata Manresa aliyaandika katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho, kilichokubaliwa na Papa Paulo III mwaka 1548. Humo anaeleza habari ya mtu aliyekanyaga, bila kukusudia, majani mawili makavu yaliyolala kwa mfano wa msalaba. Akisema moja kwa moja kwamba ametenda dhambi, amehukumu vibaya tu. Lakini wazo likimjia baadaye, kwamba labda ametenda dhambi, labda hakutenda, naye akasumbuka, hapo ndipo wasiwasi wenyewe. Tena anaonyesha kwamba adui humvuta mwenye dhamiri nyepesi aizidishe kuwa nyepesi, hata isiweze kuchukua kitu. Naye mtu ajielekeze upande wa pili, akae katikati.

Huko Paris, alikosoma tangu mwaka 1528, na ambako jina la Inyasi lilishika mahali pa Iñigo, alikaa chumba kimoja na kijana wa Savoya, Pierre Favre. Kijana huyu naye aliteswa na wasiwasi juu ya maungamo yake ya zamani, hata alitamani kukimbilia jangwani ale mboga tu. Inyasi hakumcheka wala hakumharakisha. Alimshauri aungame mara moja maisha yake yote, kisha aungame kila juma na kuitazama dhamiri yake kila siku, basi. Alimngoja karibu miaka minne kabla ya kumwongoza katika Mazoezi. Favre alikuwa padri wa kwanza wa kundi lile lililokuja kuwa Shirika la Yezu mwaka 1540, na Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu mwaka 2013.

Inyasi mwenyewe hakusahau mlango ule wa Manresa. Mwanzoni mwa mwaka 1544, huko Roma, akiwa mkubwa wa Shirika, alitafakari kama makanisa ya nyumba zao yapokee mapato ya kudumu au yaishi kwa sadaka tu. Aliadhimisha Misa baada ya Misa akiomba mwanga, na kila siku aliandika katika daftari. Jibu alikwisha kulipata: yasipokee. Hata hivyo alitaka ishara moja zaidi, na nyingine, na Misa nyingine tena. Tarehe 12 Machi alitambua kwamba alikuwa akitafuta kuridhika kwake mwenyewe, akaandika kwamba jambo limekwisha. Halafu mshawishi alimjia akimtia mashaka, na mzee yule, bila kufadhaika, alimwamuru arudi mahali pake, kama mtu amfukuzaye adui aliyekwisha kushindwa.