Javal: Tabibu wa makengeza aliyefariki akiwa kipofu

TABIBU aliyewafunza watoto wenye makengeza kuona kwa macho yote mawili aliiaga dunia akiwa haoni hata nuru ya mchana. Huyo ni Louis Émile Javal, Mfaransa aliyezaliwa jijini Paris mnamo Mei 5, 1839.

Javal alianza maisha kama mhandisi wa migodi. Lakini nyumbani kwao, baba yake na dada yake, Sophie, walikuwa na makengeza. Enzi hizo madaktari waliukata msuli wa jicho, na mara nyingi jicho lililoelekea puani liliishia kutazama upande wa pili. Javal hakutaka Sophie apitishwe kisuni. Alimtibu kwa njia nyingine, akasomea udaktari na kuhitimu mwaka wa 1868.

Jicho linapopinda, au linapokosa miwani linayohitaji, ubongo wa mtoto hulipuuza na kutegemea lile jingine. Jicho hilo huwa vivu, ingawa kwa kulitazama laonekana zima.

Tiba ya Javal ilianza kwa miwani ifaayo. Kisha jicho zuri lilizibwa ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Hatimaye mtoto alifanya mazoezi kwa stirioskopu, chombo ambacho kila jicho hutazama picha yake, hadi macho yakajifunza kushirikiana. Kazi hiyo ilidai subira ya miezi, pengine miaka. Mnamo 1896 alichapisha kitabu kuhusu tiba hiyo.

Wakati huo macho yake mwenyewe yalikuwa yakififia kwa glakoma, maradhi ya shinikizo ndani ya jicho. Kufikia 1900 alikuwa kipofu. Hata hivyo, hakuketi kulalama. Mnamo 1903 alitoa kitabu cha kuwashauri watu waliopofuka ukubwani. Alifariki Januari 20, 1907.

Mbinu yake haikuzikwa naye. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2003 ulibaini kuwa kwa watoto wa chini ya miaka 7 wenye uvivu wa wastani wa jicho, kuliziba jicho zuri saa 2 kwa siku kulifaa sawa na saa 6.

Mzigo wa mzazi umepungua, ila saa haimngoji mtoto. Jicho vivu haliumi wala halitoi machozi, na kadiri mtoto anavyokua ndivyo ubongo unavyokuwa mgumu kufunzwa upya. Mpeleke apimwe mapema.