Frederick Jones, fundi aliyetia baridi ndani ya kamio

Kamio ya frigo ikipita na samaki ao dawa, angalia ile mashine iliyofungwa mbele ya sanduku, juu ya kichwa cha gari. Aliyeiweka pale ni Frederick McKinley Jones, Mweusi wa Marekani, aliyezaliwa 1893.

Angali mdogo, baba yake alimwacha kwa padri mmoja. Kwa miaka 11 alitoka pale, akapata kazi ya kufagia garaji. Shule ikaishia hapo. Ufundi alijifunza kwa macho na kwa vitabu. Tangu 1912 alikaa Hallock, kaskazini mwa Minnesota, akitengeneza mashine za shamba. Vita ya kwanza ya dunia ikampeleka Ufaransa. Aliporudi, aliundia redio ya Hallock mtambo wa kurusha sauti, na sisi watu wa redio tunamupenda kwanza juu ya hiyo.

Kisha Joseph Numero, muuzaji wa vyombo vya sinema kule Minneapolis, akamupa kazi. Mwaka 1938 hivi, rafiki ya Numero mwenye makamio alilia hasara: kuku wake walioza njiani, barafu imeyeyuka. Jones akaanza kutafuta dawa ya ile shida.

Wengi wanafikiri klima inatengeneza baridi. Hapana, inahamisha joto. Gazi inabeba joto la ndani. Kompresere inaibana mpaka inakuwa moto sana. Halafu inaingia kondansere, yaani mabomba membamba yenye vibati, sawa radiatere. Pale upepo wa nje unachukua joto, gazi inageuka maji. Maji yale yakipita katundu kadogo, nguvu ya kubanwa inashuka, yanakuwa baridi, yanarudi ndani kuchukua joto lingine. Upepo usipopita kwenye kondansere, joto halina pa kwenda. Motere itanguruma, na mzigo utaoza vilevile.

Mashine ya kwanza ya Jones ilikuwa nzito, tena ilifungwa chini ya gari. Shofere wa barabara ya Walikale anajua tayari kilichofuata: matope na vumbi viliiziba. Jones akaipunguza uzito, akaipandisha mbele juu, kwenye upepo safi. Mpaka leo iko palepale.

Wakati wa vita ya pili, mashine zake zilitunza damu na dawa za askari. Mwaka 1944 akawa Mweusi wa kwanza kuingia chama cha mainjinia wa baridi cha Marekani. Alipata hati za uvumbuzi zaidi ya 60. Lakini jina lililoandikwa kwenye mashine lilikuwa la kampuni, Thermo King. Serikali ya inchi yake ilimupa medali kubwa ya teknolojia mwaka 1991. Yeye alikuwa amekufa tangu Februari 1961.